Artemis II: kuuzunguka Mwezi bila kutua, na ngao inayopaswa kutazamwa

Niliandika haya mwishoni mwa Januari 2026, kabla ya safari yenyewe. Tangu Januari 17, roketi ya SLS, ikiwa na chombo cha Orion kileleni mwake, imesimama kwenye jukwaa namba 39B la Kituo cha Anga cha Kennedy, Florida, baada ya kubebwa kwa takriban saa 12 katika umbali usiofika hata kilomita 7 kutoka kwenye jengo ilikounganishwa. Mambo yakienda kama yalivyopangwa, kuanzia Februari 6 kwa saa za Marekani watu wanne wataingia ndani ya chombo hicho katika safari iitwayo Artemis II, watauzunguka Mwezi na kurejea duniani baada ya siku kama 10. Tangu Apollo 17 iliporudi Desemba 1972, hakuna binadamu aliyekwenda mbali kiasi hicho. Hapa Kigoma habari hizi zimefika kwa simu na redio, na mazungumzo niliyoyasikia yamegawanyika pande mbili ambazo, kwa maoni yangu, zinafanya kile kile ambacho Orion itakifanya kwa Mwezi: zinalizunguka jambo lenyewe bila kutua.

Upande wa kwanza ni wa fahari, na una hoja. Watu 24 waliofika Mwezini au kuuzunguka kati ya mwaka 1968 na 1972 wote walikuwa wanaume wazungu wa Marekani. Safari hii kamanda ni Reid Wiseman. Rubani ni Victor Glover, atakayekuwa mtu mweusi wa kwanza kufika karibu na Mwezi. Christina Koch, ambaye amewahi kukaa angani siku 328 mfululizo, atakuwa mwanamke wa kwanza. Na Jeremy Hansen wa Canada atakuwa wa kwanza asiye Mmarekani. Binti anayesoma fizikia katika sekondari ya Ujiji ana haki ya kuzitazama sura hizo na kujiona humo, nami siwezi kulibeza hilo. Ila sura za abiria hazituambii chochote kuhusu hali ya chombo walichopanda.

Upande wa pili ni wa fedha, na ndio wenye sauti kubwa zaidi vijiweni. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, alikadiria kuwa kila safari moja kati ya nne za mwanzo za mpango wa Artemis ingegharimu dola bilioni 4.1, bila kuhesabu gharama za kubuni vyombo vyenyewe. Kwa kiwango cha takriban shilingi 2,500 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi trilioni 10, karibu moja ya tano ya bajeti yote ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2025/26, ambayo ni shilingi trilioni 56.49. Ni kiasi cha kutisha, na Mmarekani anayelipa kodi ana kila sababu ya kukihoji. Kwetu hoja hiyo ni dhaifu zaidi kuliko inavyosikika, kwa sababu roketi hiyo isiporuka, hakuna hata shilingi moja itakayopanda treni ya Reli ya Kati kuja Kigoma. Na wale wanaowajibu wakosoaji wa gharama kwa kusema kwamba bila safari za Mwezini tusingekuwa na utabiri wa upepo katika Ziwa Tanganyika nao wanatia chumvi: satelaiti za hali ya hewa zilitokana na miradi mingine, ya bei nafuu zaidi, na zingekuwepo hata kama hakuna mtu aliyewahi kuukanyaga Mwezi.

Swali zuri kuliko yote nililisikia kwenye mwalo wa Katonga. Siku hizi za mwisho wa Januari, mwezi unapokaribia kupevuka, mitumbwi mingi ya dagaa imevutwa ufukweni, kwa kuwa taa za wavuvi hazina nguvu ya kuwakusanya dagaa pale mbalamwezi inapoangaza ziwa zima, na wanaume hushinda wakishona nyavu na kuzungumza. Mzee mmoja, wavu umelala magotini pake na kidole gumba kimeshikilia tundu alilokuwa akiliziba, alisikiliza maelezo yangu hadi mwisho, kisha akauliza bila kuinua macho: “Kwa hiyo hawashuki? Sasa mwanangu, wanakwenda kufanya nini?”

Wanakwenda kujaribu chombo, na hilo ndilo ambalo shamrashamra za kungoja safari hii zinalifunika. Orion ilikwishakwenda Mwezini mara moja, katika safari ya Artemis I iliyoanza Novemba 16 na kumalizika Desemba 11, 2022, lakini haikuwa na mtu ndani, wala haikuwa na mfumo kamili wa kuwawezesha watu kuishi humo. Mfumo wa kuondoa hewa chafu na unyevu utokanao na pumzi za watu wanne utafanya kazi angani kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza watu hao wakiwa wanautegemea. Ndiyo maana siku ya kwanza yote wataitumia wakiizunguka Dunia katika njia ya juu sana, wakikagua mitambo na kukiendesha chombo kwa mikono karibu na sehemu ya roketi waliyotengana nayo, ili kukiwa na hitilafu waweze kurudi upesi. Wakishawasha injini kuelekea Mwezini, upesi huo unakwisha. Njia waliyochaguliwa ni ile ambayo mvuto wa Mwezi wenyewe unakigeuza chombo na kukirudisha kuelekea Dunia hata bila kuwashwa tena injini kubwa, jambo ambalo ni kinga ya kweli. Lakini kinga hiyo inawarudisha baada ya siku kadhaa, na katika siku hizo hewa yote ya kupumua lazima itoke ndani ya chombo kile kile. Wanaanga wa Apollo 13 waliokolewa mwaka 1970 kwa sababu walikuwa na chombo cha kutulia Mwezini wakakigeuza kuwa makimbilio. Artemis II haina cha pili.

Halafu kuna ngao ya joto, ambayo ndiyo kiini cha mabishano ya wataalamu, na ningependa iwe kiini cha mabishano yetu pia. Orion inaporudi huingia katika angahewa kwa kasi inayokaribia kilomita 40,000 kwa saa, na sehemu yake ya chini, yenye kipenyo cha mita 5, hupambana na joto linalozidi nyuzi 2,700 za Selsiasi. Kinachoilinda ni vipande 186 vya malighafi iitwayo Avcoat, iliyotengenezwa makusudi iungue polepole, igeuke mkaa na kuliwa kidogo kidogo, ikiondoka na joto. Katika Artemis I mkaa huo haukuliwa taratibu kama ilivyotarajiwa. Ulimeguka mapande mapande katika sehemu zaidi ya 100.

Maelezo ya NASA, yaliyotolewa Desemba 2024 baada ya uchunguzi mrefu, yanaeleweka vizuri. Orion haikushuka moja kwa moja. Ilizama katika angahewa, ikainuka tena kwa muda, kisha ikashuka mara ya pili. Katika kipindi hicho cha katikati joto la nje lilipungua, mkaa wa juu ukawa hautengenezwi kwa kasi ya kutosha kupitisha hewa, huku ndani ya Avcoat gesi zikiendelea kuzalishwa. Kama punje ya bisi ambayo ganda lake haliruhusu mvuke kutoka, shinikizo likapanda hadi nyenzo ikapasuka. Majaribio ya awali ya maabara hayakuligundua hilo kwa sababu yaliunguza sampuli kwa joto kali kuliko lililopatikana angani, na kwa ukali huo mkaa ulijitengeneza vizuri na kupitisha gesi. Wakati chanzo kinajulikana, ngao ya Artemis II ilikuwa tayari imefungwa kwenye chombo, na kuing'oa kungeichelewesha safari kwa muda mrefu. Uamuzi ukawa kuiacha ilivyo na kubadilisha njia ya kurudi, ili kile kipindi cha katikati kiwe kifupi zaidi.

Wanaoutetea uamuzi huo wana ushahidi wa kuuweka mezani. Mpasuko uliigizwa tena maabara katika mazingira yaliyofanana na ya angani, jambo linaloonyesha kwamba chanzo hakikubuniwa mezani. Vipimo vya ndani ya Artemis I vilionyesha kuwa kama watu wangekuwemo, wasingedhurika. Jopo huru lilipitia kazi yote, na wanaanga wenyewe, ambao ndio watakaokaa mgongoni mwa ngao hiyo, wamesema hadharani kwamba wanauamini uchambuzi huo. Historia nayo inawapa nguvu: Apollo 8 ilipowapeleka Frank Borman, Jim Lovell na William Anders kuuzunguka Mwezi Desemba 1968, roketi ya Saturn V ilikuwa imeruka mara mbili tu bila watu, na mara ya pili, Aprili mwaka huo, ilitikisika vibaya na injini zake mbili zikazimika kabla ya wakati. Kwa kipimo hicho Artemis II imechunguzwa kwa makini zaidi.

Wapinzani nao si watu wa pembeni. Charles Camarda, mhandisi wa masuala ya joto aliyeruka na chombo cha Discovery mwaka 2005, katika safari ya kwanza baada ya ajali ya Columbia, amekuwa akisema wazi kwamba kujua gesi zilijikusanya si sawa na kuweza kutabiri ni lini na wapi nyenzo itapasuka, na kwamba NASA imeanza tena kuizoea kasoro. Neno hilo la mwisho ni zito kwa mwenye kumbukumbu. Mipira ya kuzibia maungio ya roketi za pembeni ilikuwa imeungua katika safari kadhaa kabla ya chombo cha Challenger kulipuka Januari 28, 1986. Vipande vya povu vilikuwa vimedondoka mara nyingi kabla ya kimoja kuitoboa Columbia, iliyosambaratika ikirudi Februari 1, 2003. Watu saba walikufa katika kila ajali, na katika kila moja kasoro ilikuwa inajulikana, imeandikwa, na vyombo vilikuwa vimeshawahi kurudi salama vikiwa nayo.

Hapo ndipo ninapompa Camarda haki yake. Hoja ya kwamba “Artemis I ilirudi salama” haina thamani yoyote peke yake, na kila ninapoisikia imani yangu hupungua badala ya kuongezeka. Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka safari nyingine isiyo na watu kwanza. Tofauti kati ya sasa na 1986 ni kwamba safari hii kazi ilisimamishwa, chanzo kikatafutwa, kikaigizwa, na kitu fulani kikabadilishwa. Njia mpya ya kurudi haijawahi kurushwa, hilo ni kweli, na kwangu ndilo doa kubwa lililobaki. Lakini inakiweka chombo katika hali ambayo Avcoat ilifanya kazi vizuri maabara, badala ya ile iliyoipasua. Naona ni hatari inayoweza kutetewa. Sitashangaa mtu mwenye akili timamu akihitimisha vingine.

Nisichoweza kukitetea ni shinikizo la tarehe. China imetangaza kuwa itawatua watu wake Mwezini kabla ya mwaka 2030, na wanasiasa wa Marekani hawaachi kulitaja hilo. Nafasi za kurusha zenyewe ni siku chache tu kila mwezi, kwa kuwa lazima Dunia na Mwezi ziwe mahali panapofaa, njia ya kurudi iwe ile yenye kipindi kifupi cha katikati, na paneli za jua za Orion zisikae gizani zaidi ya dakika 90 kwa mfululizo. Kabla ya hapo kuna zoezi la kujaza mafuta, na hidrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, hupenya kila upenyo. Ndiyo iliyokwamisha Artemis I isiruke Septemba 3, 2022. Februari ikishindikana, kuna Machi, na kuna Aprili. Wavuvi wa Katonga wao watakuwa wamerudi majini, maana nafasi hiyo ya Februari inaanguka siku chache baada ya mwezi mpevu, giza la saa za mwanzo wa usiku linapoanza kurejea ziwani.

Kwa hiyo anayetaka kuifuatilia safari hii asiishie kwenye moto wa kuruka, wala kwenye picha ya Dunia ikichomoza nyuma ya Mwezi, ambayo bila shaka itasambaa kwenye kila simu. Azingatie siku ya kwanza kuona kama mfumo wa hewa umetulia, kisha zile dakika chache za kushuka kuelekea Bahari ya Pasifiki, karibu na San Diego. Baada ya hapo asubiri ngao itolewe majini. Mara ya kwanza umma uliona ukubwa wa uharibifu, kwa picha, katika ripoti ya mkaguzi mkuu ya Mei 2024, miezi 17 baada ya chombo kurudi. Safari hii, iwe ngao imemeguka au imebaki nzima, picha hizo zinapaswa kutoka ndani ya wiki chache, na zitolewe na NASA yenyewe.