Tairi la kazini na la saketi: nunua kwa kuifikiria mvua

Mwenye Subaru Impreza WRX STI akianza kwenda saketi, yaani uwanja wa mbio za magari, swali lake la kwanza ni tairi gani linashika zaidi. Swali hilo linamfaa anayefika uwanjani gari likiwa juu ya trela. Wewe unayekwenda nalo kazini Jumatatu jiulize jingine: ni tairi gani litakurudisha nyumbani kwa Mombasa Road, saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha, nusu ya kashata (mpira wenye mifereji unaogusa barabara) imekwisha?

Msimamo wangu ni huu. Kama una gari moja na seti moja ya matairi, achana na daraja la 200. Chukua la 300 hivi, na chenji itakayobaki iende kwenye geji ya upepo, kemba (mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele) na mafuta ya breki.

Namba hizo ndizo zilizochapwa ubavuni mwa tairi baada ya neno TREADWEAR, yaani uchakavu: namba ikiwa kubwa, tairi linatarajiwa kudumu zaidi. Michelin Pilot Sport 4 S ina 300. Bridgestone Potenza RE-71RS, Yokohama Advan Neova AD09, Hankook Ventus RS4 na Falken Azenis RT660 zote zina 200. Toyo Proxes R888R ina 100, na hilo kwa kweli ni tairi la mbio lililopewa ruhusa ya kutembea barabarani. Usiichukulie namba hiyo kama kipimo cha maabara. Matairi hujaribiwa kwenye mzunguko wa barabara karibu na San Angelo, Texas, kwa kilomita 11,600 hivi, yakilinganishwa na tairi la kipimo lenye 100. Kisha kampuni yenyewe ndiyo inayojiandikia daraja. Na kwa kuwa mashindano mengi ya wasio wa kulipwa kule Marekani yanadai tairi lisiwe chini ya 200, kampuni zimejifunza kutengeneza tairi karibu na la mbio na kulipiga muhuri wa 200. Ndiyo maana matairi mawili yenye namba hiyo hiyo huchakaa tofauti kabisa.

Kwenye lami kavu, daraja la 200 litakupa sekunde. Sibishi. Ila linakupaje? Mpira laini, mifereji michache na vipande vikubwa vya kashata visivyopindapinda kwenye kona. Mifereji michache maana yake maji yana pa kupitia padogo. Tairi likiwa jipya unaweza usione tofauti kubwa; likishuka hadi milimita 3 linaanza kuelea juu ya maji kwa mwendo ambao Probox iliyo mbele yako inapita bila habari. Vijiti vya kuonyesha uchakavu ndani ya mifereji vina milimita 1.6, lakini kwa tairi pana la namna hii, ukisubiri kuvifikia wakati wa masika umechelewa.

Kalenda yetu hapa inasaidia, ingawa wengi hununua matairi wiki moja kabla ya siku ya saketi, wakati ambao ni mbaya kuliko wote. Kashata ndefu, ya milimita 8 hivi, hucheza upande upande gari likilazwa kwenye kona. Kucheza huko kunazaa joto, na joto linameguamegua mpira vipande begani. Nunua Machi. Tembea nayo barabarani mvua za Machi hadi Mei, kina kikiwa kingi na unakihitaji. Ikifika kiangazi cha Juni hadi Septemba, kashata imeshuka kwenye milimita 6 au 5, imekuwa ngumu kucheza, na hapo ndipo tairi la daraja la 300 linapovumilia saketi vizuri zaidi. Kabla ya vuli ya Oktoba pima tena. Chini ya milimita 4, anza kupanga bajeti.

Upepo ndio sehemu inayopuuzwa, na ndiyo yenye faida kubwa isiyolipiwa. Joto la tairi likipanda nyuzi 5.5 za selsiasi, upepo unaongezeka karibu psi 1. Kwa gari la uzito wa STI, anza asubuhi na psi 28 tairi likiwa baridi. Zunguka mara tatu au nne kwa kasi halisi, ingia pembeni, upime hapo hapo kabla hujavua hata kofia. Lengo ni 34 hadi 36 ya moto kwa daraja la 300. Daraja la 200 mara nyingi hupenda 32 hadi 35. Matairi ya mbele hupanda zaidi kwa sababu ndiyo yanayobeba injini na breki, basi yapunguze peke yake. Usipunguze nyuma ili tu namba zilingane.

Huhitaji kifaa cha bei kubwa kujua kama umepatia. Chukua chaki ya shule, piga mistari minne kuanzia kwenye kashata, ipite bega, ishuke ubavuni kiasi cha vidole viwili. Zunguka, rudi, tazama. Chaki ikifutika mpaka ukingo wa bega tu, umepatia. Ikifutika hadi kwenye maandishi ya ubavuni, tairi linalala: ongeza psi 2. Ikibaki nzima juu ya bega, limejaa mno.

Sasa kosa la jioni. Umetoa upepo mara mbili mchana ukiwa na 35 ya moto. Matairi yakipoa, geji itasoma 26 au 27. Kwa kiasi hicho unaingia barabarani kati ya malori, shimo moja linabana ubavu kati ya rimu na lami, nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake tairi lina uvimbe kama yai. Uvimbe huo hauna fundi. Beba pampu ndogo ya volti 12, rudisha 33 au 34 kabla ya kuondoka getini. Na anayepanda kutoka Mombasa ajue kwamba tairi lililojazwa 32 kule pwani litasoma karibu 34.5 Nairobi joto likiwa lile lile, kwa sababu hewa ya nje kwenye mita 1,700 ni nyepesi. Jaza na upimie mahali unapokimbilia.

Kuhusu saizi, STI nyingi za 2008 hadi 2017 zilikuja na 245/40R18, na nyingi za kabla yake 225/45R17. Mwenye ya inchi 17 asione haya. Rimu ya 17 ni nyepesi na matairi yake bei nafuu. Akitaka upana, 255/40R17 ina kipenyo kinachozidi kile cha 225/45R17 kwa milimita 1.5 tu, ila inataka rimu ya upana wa inchi 8.5 au 9. Soma pia namba ya uzito: 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, 94 ni 670, 97 ni 730. Usishuke chini ya ile ya kiwandani eti kwa sababu duka lina ofa.

Gari linalovuta magurudumu yote lina sharti ambalo fundi wa pancha hatakukumbusha. Subaru inataka mizingo ya matairi manne isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani kina cha kashata kisipishane zaidi ya milimita 1 hivi. Ukiua tairi moja saketini na kuweka jipya peke yake, unaisumbua difu ya katikati kila mita unayotembea. Hamishia ya mbele nyuma na ya nyuma mbele kila baada ya siku ya saketi.

Kemba ya kiwandani ndiyo inayokula bega la nje. Mbele STI hukaa karibu na digrii hasi 1, au hata haifiki hapo. Boliti ya juu ya shokapu ina kichwa cha kurekebishia, na kwa kuizungusha unapata nyongeza bila kununua kitu. Hasi 1.8 mbele, magurudumu yakitazama mbele sawasawa, ni maelewano mazuri. Watu huilaumu kemba bega la ndani likiisha, lakini mara nyingi mkosaji ni magurudumu yaliyoachwa yakitazama nje. Mwambie fundi wa alaimenti aanze na kemba, amalizie na mwelekeo. Akifanya kinyume, kazi imeharibika.

Matairi ya mitumba kutoka Japani yanavutia, hasa Neova zenye kashata nyingi kwa nusu ya bei. Tafuta tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyochapwa ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira wa namna hii ukipita miaka mitano huwa umekauka, na kina kirefu cha kashata ni ushahidi tu kwamba lilikaa stoo. Angalia ndani pia. Kamba ya pancha iliyosokomezwa kwa nje haifai saketini. Kiraka cha uyoga kilichowekwa kutoka ndani, katikati ya kashata, kinakubalika kwa barabara. Karibu na bega, tupa.

Ukifika mahali unaenda saketi kila mwezi, hoja yangu inageuka. Nunua rimu nne za mtumba, vika daraja la 200, zibebe kwenye buti na kiti cha nyuma pamoja na jeki, ufungie uwanjani. Siku ya kwanza zipashe moto taratibu kwa dakika 10 hadi 15, kisha uziache zipoe hadi kesho yake kabla ya kuzikamua.