Korosho ni mali ya mkulima mpaka aiuze

Hapa Rotterdam ninapoishi, korosho iliyokaangwa na kutiwa chumvi haikosi kwenye duka lolote kubwa. Geuza pakiti, mara nyingi utakuta imeandikwa kuwa imetoka Vietnam. Sisi tuliozaliwa Tandahimba, Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania, tunaijua safari ambayo pakiti haiisemi: korosho yetu nyingi inapakiwa meli Mtwara ikiwa ghafi ndani ya magunia, inakwenda Vietnam au India, inabanguliwa na watu wa huko, ndipo karanga zake, yaani kiini kilichobanguliwa, zinauzwa Ulaya. Naamini mzunguko huo kwa sehemu kubwa tumeutengeneza wenyewe. Na kuishi Uholanzi kumenifanya niamini soko huria kuliko nilivyoliamini nilipokuwa nyumbani.

Kwanza, Ulaya haijatufungia mlango wa korosho. Tangu 2001 nchi zinazohesabiwa kuwa na maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwamo, zinaruhusiwa kuingiza karibu kila bidhaa katika Umoja wa Ulaya bila ushuru wa forodha, isipokuwa silaha. Sisemi kwamba hawa ni watakatifu. Takriban theluthi moja ya bajeti ya Umoja huo inakwenda kwenye ruzuku za kilimo na vijiji vyao, na mkulima mwenye ruzuku akishindana na asiyekuwa nayo, hilo si soko huria hata kidogo. Napinga ruzuku hizo kwa nguvu zilezile ninazopingia amri za kwetu. Lakini hakuna mkorosho unaoota Ulaya. Kwenye zao hili hatuna Mzungu wa kumsingizia.

Kazi yangu ni kusafirisha mizigo midogo kwa gari langu. Kuandikisha biashara nilijaza fomu ya Kamer van Koophandel, chemba ya biashara ya huku, nikaenda ofisini kwao na pasipoti, nikalipa ada isiyofika euro 100, nikatoka na namba. Hakuna aliyeniuliza kama barabara ya Rotterdam hadi Antwerp ina wasafirishaji wa kutosha. Hakuna aliyenipangia bei. Mpaka wa Ubelgiji pale Hazeldonk naupita bila kusimama, kwa sababu tangu tarehe 1 Januari 1993, soko la pamoja la Ulaya lilipoanza, forodha ya ndani iliondolewa. Anayeijua foleni ya malori ya Tunduma, mpakani na Zambia, madereva wakilala chini ya matela siku kwa siku, ataelewa kwa nini bado jambo hili linanigusa. Kila siku lori linaposimama, kuna mtu anayeilipa siku hiyo, na mwisho wake ni mnunuzi wa kilo moja ya sukari.

Msidhani lakini kwamba serikali ya huku ni ndogo. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 21, kwa vyakula asilimia 9, na anayepata kipato kikubwa hukatwa karibu nusu ya sehemu ya juu ya kipato hicho. Mimi ningependa iwe chini. Ila nimejifunza kwamba swali la kwanza si serikali inachukua kiasi gani. Swali la kwanza ni kama imefungwa na mipaka inayojulikana, kiasi kwamba mfanyabiashara anaweza kupanga mambo yake ya mwaka ujao bila kuogopa tangazo la usiku.

Mfano wa mipaka hiyo nauona kwenye maji. Sehemu kubwa ya nchi hii iko chini ya usawa wa bahari, na tangu karne ya 13 kazi ya kulinda kingo na kuondoa maji imekuwa mikononi mwa mamlaka za maji zinazoitwa waterschappen. Ni za zamani kuliko ufalme wenyewe. Leo ziko 21, zina mabaraza yanayochaguliwa, na zina kodi yao wenyewe. Ukilipa kodi ile, inajenga kingo, inaendesha pampu, inasafisha maji machafu. Waziri wa fedha hawezi kuamka asubuhi akaihamishia kwingine. Wenye mashamba ndio waliouanzisha utaratibu huu, kwa sababu maji yalipoingia yaliingia kwao.

Sasa linganisheni na tozo ya kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi. Ilikuwa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kwa kuangalia ipi ni kubwa zaidi, na sheria ilitaka asilimia 65 ya makusanyo irudi kwenye zao: pembejeo, utafiti, salfa ya kupulizia dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fungu lote likapelekwa Hazina. Wabunge wa Kusini walisimama bungeni wakapinga, wa chama tawala na wa upinzani pamoja, wakashindwa. Mkulima alibaki anakatwa tozo bila kurudishiwa salfa. Hata tozo hiyo ikitumika vizuri, mnunuzi wa nje anaitoa kwenye bei anayompa mkulima. Inaitwa ya msafirishaji, lakini anayeilipa amekaa chini ya mkorosho.

Mwaka huohuo ndio tulioona serikali isiyo na mipaka inavyofanya kazi. Msimu wa 2017/18 ulikuwa mzuri kupita yote iliyotangulia: zaidi ya tani 300,000, na bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu uliofuata bei ya dunia ikashuka. Wanunuzi walileta mezani kati ya shilingi 1,900 na 2,700, wakulima wakakataa, na walikuwa na haki kamili ya kukataa. Kukataa bei ni sehemu ya soko. Lakini Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300, mawaziri wawili wakaondolewa, bodi ya zao ikavunjwa, malori ya jeshi yakaingia vijijini. Watu walishangilia. Nawaelewa, 3,300 ni zaidi ya 2,700.

Kilichofuata wenyeji wanakijua. Aliyepeleka zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuhakikiwa kama kweli ana shamba. Wapo waliosubiri malipo mpaka mwaka uliofuata, ada za shule zikapita, msimu wa kupalilia ukapita. Korosho ikalala ghalani. Mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000, uliosainiwa kwa shangwe Januari 2019, haukutimia. Simhukumu marehemu kwa nia yake, huenda kweli alitaka mkulima apate zaidi. Nasema nia haipangi bei ya Ho Chi Minh City, kule Vietnam. Na wanunuzi wakishaona kwamba serikali inaweza kusukuma kila mtu pembeni ndani ya wiki moja, msimu unaofuata wanakuja na tahadhari, na tahadhari ya mnunuzi inakatwa kwenye bei ya mkulima.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000. Ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa mbali na mikorosho yao, na mkorosho usiopaliliwa unamezwa na pori. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa kwa amri, ununuzi ukawa wa mamlaka ya serikali peke yake, na sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ikazidi kupungua. Ubwiriunga nao ulichangia, sitauficha. Lakini kufika 1986/87 mavuno yalikuwa kidogo tu juu ya tani 16,000. Viwanda vikubwa vya kubangua, vilivyojengwa na serikali kwa mikopo, vilikosa cha kubangua, na baadaye vingine vikauzwa vikageuzwa maghala. Biashara ilipofunguliwa mwaka 1991 mikorosho ilikuwa ileile na wakulima walewale. Haikupita miaka kumi, mavuno yakavuka tani 120,000.

Kuna wanaosema kutetea soko huria ni kuuchukia ushirika. Hapana. KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ulianza mwaka 1933, chini ya mkoloni, na ulisomesha watoto. Hapa Uholanzi mnada wa maua wa Aalsmeer, ambako waridi za Naivasha zinauzwa, ni mali ya wakulima wanachama. Huo ndio ushirika: watu huru wanaungana kwa sababu unawalipa, na usipowalipa wanatoka. Sisi tumeurithi ushirika wa kulazimishwa. Mkulima wa Tandahimba hawezi kuuza gunia lake kihalali nje ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, na mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo zao huwekwa ghalani kwa risiti mpaka liuzwe mnadani, hata kama aliye mlangoni ana fedha taslimu na mizani sahihi.

Najua jibu litakalokuja: kangomba. Watu wananunua korosho kwa vipimo vya mkononi, kabla ya msimu, kwa bei ya kutupa. Ni kweli, na wajane na wazee wamedhulumiwa. Lakini tujiulize kwa nini mtu anauza kwa kangomba huku akijua mnada unakuja. Anauza kwa sababu mtoto anaumwa mwezi wa nane na mnada ni Oktoba. Kangomba ni mkopo uliovaa nguo za biashara ya korosho. Ukiupiga marufuku, shida ya mwezi wa nane haiondoki, ila mkopeshaji anaongeza bei kwa sababu sasa anaogopa polisi pia. Dawa yake ni wakopeshaji na wanunuzi wengi wanaogombania gunia lile mchana kweupe, kwa mizani iliyokaguliwa, na mahakama ya mwanzo inayomwadhibu mwizi wa kipimo haraka. Hapo ndipo naitaka serikali, tena iwe na nguvu. Kwenye mizani, barabara, mkataba.

Na asiniambie mtu kwamba Wazungu wanaweza kuziamini serikali zao lakini sisi bado. Hapa mamlaka ya kodi iliwashuku makumi ya maelfu ya wazazi kwamba wameiba posho za malezi ya watoto, ikawadai fedha ambazo hawakuwa nazo. Wengi walikuwa wenye asili ya nje, watu kama mimi. Nyumba zilivunjika. Januari 2021 serikali nzima ya Mark Rutte ikajiuzulu kwa ajili hiyo, na wapo ambao hadi leo hawajalipwa fidia yote. Hii ni nchi yenye mahakama huru na magazeti yasiyoogopa, na bado afisa aliyepewa nguvu kupita kiasi aliumiza raia. Kama hapa inatokea, kwetu tunampaje mkuu wa wilaya uwezo wa kuamua korosho ya nani ni halali?

Turudi kwa Vietnam. Chama cha Kikomunisti kinatawala kule mpaka leo, hakuna anayeweza kukiita kibaraka wa mabepari. Desemba 1986 kiliamua kuwaachia watu walime, wanunue na wauze. Mwaka 1986, msimu uleule tuliokuwa na tani 16,000. Kufika 2006 Vietnam iliipita India ikawa msafirishaji mkubwa kuliko wote duniani wa korosho karanga, na korosho ghafi isiyoitosheleza inainunua Afrika, kwetu pia. Wabanguaji wake ni kampuni binafsi nyingi, kubwa na ndogo.

Ninachokitaka Kusini ni kitu kimoja cha kisheria. Mnada ubaki, stakabadhi ghalani ibaki kwa anayeitaka, maana kwa wengi imesaidia kuona bei halisi. Lakini iwe hiari. Kikundi cha akina mama wabanguaji wa Newala kiruhusiwe kununua moja kwa moja kwa jirani yake, kwa mkataba ulioandikwa, bila kushindana ghalani na meli ya tani elfu. Mkulima aliyeona bei ya AMCOS haimfai abebe gunia lake apeleke kwingine. Minada huanza Oktoba. Wabunge wa Mtwara, Lindi na Ruvuma wana muda wa kulipeleka bungeni kabla gunia la kwanza halijaingia ghalani.