Tanga hatuna tetemeko, au hatuna daftari?

Fundi anayenijengea Pongwe kanitumia sauti WhatsApp: "Bosi, nondo zote hizi za nini? Tanga hakuna tetemeko." Nikacheka. Kabla sijahamia Sendai ningesema hivyohivyo.

Huku Japani makabati yanafungwa ukutani, na simu mara nyingi hulia kabla nyumba haijaanza kucheza. Mimi vitu hivyo siwaonei wivu. Nawaonea wivu daftari. Wameandika matetemeko yaliyoleta uharibifu tangu mwaka 599! Hesabu yenyewe waliieleza wanasayansi Gutenberg na Richter miaka ya 1940: penye tetemeko moja la ukubwa wa 6, tarajia kama kumi ya 5, na kama mia ya 4. Basi mtaalamu anahesabu madogo ili akadirie makubwa. Ila kwanza anayaondoa yale yanayofuatana na tetemeko kuu, maana ukimhesabu kila aliye kwenye msafara wa harusi kuwa bwana harusi, umepotea.

Kwetu vipimo ni vichache, madogo mengi yanapita hayajaandikwa. Wavuvi wa Deep Sea pale Tanga watanielewa: umevua kwa jarife, wavu wa matundu makubwa, halafu unatangaza bahari haina dagaa?

Na miaka tuliyoandika ni michache mno. Tuseme tetemeko kubwa huja mara moja kila miaka 500, kwa wastani. Katika daftari la miaka 100, uwezekano wa kutoliona kabisa unazidi asilimia 80. Hapo ndipo fundi wangu anaposimama na "hakuna" yake.

Sisemi Tanga ni Sendai. Huku bamba moja la dunia linazama chini ya jingine. Sisi hata Bonde la Ufa liko mbali. Lakini Rukwa mwaka 1910 lilipiga 7.4. Kagera 2016 lilikuwa 5.9 tu, na nyumba zikawaangukia watu. Tarehe 12 Agosti 2020 likapiga baharini, kusini mashariki mwa Dar, karibu 6. Huku ilikuwa saa nane usiku, mdogo wangu kanipigia kutoka Kariakoo anahema: "Kaka, si huko kwenu ndiko mnakotikisika?"

Wajapani nao daftari limewahi kuwasaliti. Pwani ya Miyagi, mkoa wetu huu wa Sendai, walitarajia kama 7.5, Machi 2011 likaja 9.0. Na hao ndio wenye miaka zaidi ya elfu ya kumbukumbu.

Fundi nimemwambia lenta, ule mkanda wa zege na nondo, izunguke nyumba nzima, na ringi zinazofunga nondo asiziachanishe sana. Kakubali, ila bei kapandisha.