Plasta ya goti na mazoezi: sifa apewe nani?

Mwenye maumivu ya pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mbele ya goti, akifika kwa mtaalamu wa fiziotherapia hupewa vitu viwili: plasta inayobandikwa gotini, na mazoezi ya kwenda kufanya nyumbani. Plasta husifiwa mtaa mzima. Mazoezi huachwa ndani ya wiki moja: "Nimefuata tiba, naambiwa nikainue mguu!"

Plasta ina haki yake. Mtaalamu wa Australia, Jenny McConnell, aliieleza mwaka 1986 akiamini kwamba pia ya goti huvutwa upande wa nje inapoteleza juu ya mfupa wa paja, kwa hiyo ivutwe ndani. Hutangulizwa plasta nyeupe laini ya kukinga ngozi, kisha ile ngumu isiyovutika, kuanzia ukingo wa nje wa pia. Mtaalamu huivuta kwa ndani huku akiikusanya nyama kwa vidole, mpaka ngozi inafanya vikunjo. Nilibandikwa hivyo goti la kulia, nikaambiwa nishuke ngazi nilizokuwa nimezipanda nikishika ukuta. Nilishuka mikono mitupu. Anayesema nafuu ile ni ya kufikirika tu hajaumwa goti.

Lakini picha za vipimo zinaonyesha kwamba pia ya goti husogea kidogo mno, na hata kidogo hicho hupotea mtu akishaanza kujongea. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalikuta majaribio 5 tu, madogo, yasiyoonyesha faida ya wazi. Mwongozo wa tiba wa Marekani wa 2019 unaikubali plasta ikiwa pamoja na mazoezi, kwa muda mfupi wa kama wiki 4. McConnell mwenyewe hakuwahi kuitenga na mazoezi: aliibandika ili maumivu yapungue na misuli ipate kufanya kazi.

Na misuli ndiyo shida ilipo. Mtu akitembea, pia ya goti hukandamizwa kwa nguvu ya kama nusu ya uzito wake. Kwenye ngazi ni mara 3 hivi ya uzito huo, na akichuchumaa kabisa ni mara 7 au zaidi. Kwa mwenye kilo 70, huko kuchuchumaa kunakaribia kilo 500. Sasa hesabu siku ya mama wa kwetu: choo cha shimo, beseni la kufulia, jiko la mkaa, palizi. Umwambie apumzishe goti, atalipumzisha wapi? Akijikaza kulikwepa, paja linanywea, na mzigo uleule wa jana unaumiza zaidi kesho. Mazoezi hayamwondolei mzigo, humpa paja na nyonga za kuubeba. Mapitio ya 2015, yenye majaribio 31 na washiriki 1,690, yaliona mazoezi yakipunguza maumivu, na kwamba huenda kuongeza ya nyonga juu ya yale ya goti kunafaa zaidi. Ubora wa majaribio hayo ulikuwa hafifu, ni kweli, ila yalielekea upande mmoja.

Takwimu inayonisumbua ni nyingine. Wagonjwa wa Uholanzi na Australia waliokuwa kwenye majaribio ya tiba, yakiwemo ya mazoezi, walifuatiliwa kwa miaka 5 hadi 8, na asilimia 57 hawakuwa na hali ya kuridhisha. Kumbe hata mazoezi si dawa ya uhakika. Lakini tazama nani alibaki na maumivu: hasa waliokuwa wameumwa zaidi ya mwaka kabla ya kuanza tiba. Ndiyo maana naona uchungu mtu anapozunguka na vidonge na dawa za kuchua miezi kumi na minane, kisha anakuja kuomba plasta peke yake.

Yangu niliivaa wiki tatu. Kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara kumi, nikapumzika, mara kumi tena, bado nafanya kila jioni wakati chai inachemka.