Kifafa Ambacho Si Kifafa

Miguu ilianza kuvimba wiki ya 28. Mama mkwe aliitazama akacheka: "Huyo ni dume, mwanangu. Madume ndiyo yanavimbisha." Nikafurahi, maana tulikuwa na binti tayari na mume wangu alikuwa haachi kuomba wa kiume.

Baada ya siku chache kandambili hazikuingia tena, na pete niliitoa kwa sabuni. Kikafuata kichwa. Nakijua kichwa cha jua la Mwanza, hiki hakikuwa hicho. Kiligonga usiku kucha na dawa za dukani hazikukigusa. Nikaanza kuona vimulimuli mchana kweupe. Kisha maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia, nikayaita vidonda vya tumbo nikanywa maziwa.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba nilikuwa nimeonywa. Kliniki ya kwanza mkunga alituketisha kwenye mabenchi akasema tujihadhari na kifafa cha mimba. Nilimsikia vizuri. Ila nilichosikia ni kifafa, na kifafa nakijua. Utotoni kwetu Sengerema palikuwa na kijana akianguka njiani watu wanakaa mbali, wanaogopa povu lake lisiwaguse. Mimi sikuwa naanguka. Nilikuwa napanda mawe ya Mabatini na ndoo ya maji kichwani. Basi nikajua huo ni ugonjwa wa wengine.

Ndiyo maana nasema jina hili linatudanganya. Kwa kawaida ugonjwa wenyewe huanza kimya, baada ya wiki ya 20: presha inafika 140 kwa 90 au kupita hapo, na mara nyingi mkojo unakutwa na protini. Kuanguka na kukakamaa kunakuja mwishoni, na wengine wanaumia figo, ini au ubongo bila kuanguka hata mara moja. Sisi tumeuita ugonjwa wote kwa jina la mwisho wake. Ni kama kumwonya mvuvi asizame bila kumtajia wingu.

Na hilo "cha mimba" nalo lina walakini. Mtu anaweza kukakamaa akiwa amekwisha kujifungua, yuko nyumbani anakunywa uji, na ndugu wakasema haiwezi kuwa kile kifafa kwa sababu mimba haipo tena. Hapo ndipo anapopelekwa kwa mganga. Hata mimi shangazi mmoja alinishauri hivyo, kwa mapenzi kabisa, akiuliza kama kwenye ukoo wetu kuna mapepo.

Usiku nilioshushwa nilikuwa wiki ya 30. Bajaji haifiki kwetu, kwa hiyo mume wangu na vijana wawili walinikalisha kwenye kiti cha plastiki wakanibeba kwenye mawe hadi barabarani. Presha ilisoma 178 kwa 116. Nesi akapima tena, akaita daktari bila kuniambia kitu. Nilichomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, na nyingine ya kuzuia kukakamaa, magnesiamu, ambayo ilipita mwilini kama moto wa pilipili. Daktari alisema presha watajitahidi kuishusha, lakini ugonjwa hautaondoka mpaka mtoto na kondo la nyuma vitoke. Nikapasuliwa.

Gramu 1,250. Wa kike.

Wanawaita njiti, na hilo angalau ni jina linalosema kweli: vidole vyake vilikuwa njiti za kiberiti. Alilishwa maziwa ya kukamua kwa mpira mwembamba uliopita puani, na muda wote uliobaki alikuwa kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, tumefungwa kitenge. Njia hiyo ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na upungufu wa mashine za joto. Nilipochoka, mama mkwe alifungua blauzi yake akamchukua. Siku moja akiwa naye kifuani alisema, "Mimi nilikuwa najua miguu tu. Hakuna aliyeniambia kwamba ni presha."

Presha. Hata wauza dagaa wa Kirumba wanaijua, na wanaiogopa inavyostahili. Nikiangalia kadi yangu, mahudhurio mawili sehemu ya presha iko wazi. Pale zahanati walisema kipimo kibovu, nikaaga nikaondoka. Lau ningeambiwa kinachoua ni presha, nisingetoka pale. Ningekwenda kuitafuta duka la dawa, kwa hela yangu. Najua wakunga watasema si kila presha ya mjamzito ni ugonjwa huu, na wako sahihi kitabuni. Ila mimi naongelea benchi la kliniki. Pale nataka mwanamke atoke na namba kichwani. Na kama yalishampata, kama mimi, akishika mimba nyingine awahi kliniki mapema amwulize daktari kuhusu aspirini ya dozi ndogo, kwa sababu inafaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16.

Juzi bombani mama mkwe alimkuta binti wa jirani ana miguu kama yangu ya siku zile. Hakutaja dume wala kifafa. Alimuuliza presha yake ni ngapi. Binti akasema hajui, wakaacha ndoo zao kwenye foleni wakashuka wote wawili.