Nageti za Kumkomesha Mtoto wa Ami

Kwanza niseme mie si mtu wa makuu. Mie weita tu, nabeba trei kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki huku Unguja, asubuhi nawapelekea watu chai, jioni nawapelekea kamba, usiku basi la wafanyakazi linanishusha Michenzani nakwenda kula mkate na maharage kwa bibi yangu, flati ya ghorofa ya nne, ngazi zenyewe ukizipanda na ndoo ya maji ndo unakumbuka umri wako.

Tatizo langu ni mtoto wa ami yangu anayeishi Maskati.

Huyu mtu hajawahi kula kitu kwetu akanyamaza. Umpe halua, anakula nusu kawa peke yake halafu anajilamba vidole anakwambia ya Maskati ina zafarani zaidi. Mwaka jana nikampeleka Forodhani, nikamnunulia urojo, bakuli la kwanza kamaliza, la pili kamaliza mpaka kachori ya chini, akafuta mdomo akasema "mbona hauna kitu?" Pizza pia, ile ya chapati inayokunjwa na nyama na yai juu ya bati la moto, akala tatu. Tatu! Na mie ndo nalipa. Ya tatu ikiwa bado iko mdomoni akaanza "huko kwetu..." nikaondoka kwenda kutazama bahari maana ningemsukuma.

Basi mwaka huu, kabla hajaja, Mungu akanipa silaha.

Kulikuwa na mzee mmoja Mfaransa hotelini, yeye na mkewe wamekuja kusherehekea ndoa yao, na mzee alikuwa kabeba kikebe cha kaviari kutoka kwao ndani ya mfuko wa barafu. Siku ya pili mkewe jua likampiga, hamu ya kula ikamtoka kabisa, kikebe kikakaa kwenye friji ya chumba mpaka siku ya kuondoka. Nilikuwa nishawahudumia wiki nzima, nimewachemshia mpaka chai ya tangawizi ya tumbo, basi mzee akaniita akanikabidhi. Gramu 30. Kikebe chenyewe ukubwa wake kama kopo la rangi ya viatu, na kwa ndani pia rangi ni ileile, sijui kwa nini hakuna anayelisema hilo.

Akanipa na darasa. Yeye anasema kwa Kiingereza chake cha Kifaransa, mie nasikiliza kwa Kiingereza changu cha Michenzani, lakini tulielewana. Haya ni mayai ya samaki, na wa sifa kuliko wote ni beluga wa Bahari ya Kaspi, ambaye jike lake linakaa miaka 15 na zaidi ndo litage. Kiwe kwenye baridi kali muda wote. Usipike, moto unayaua, yanakuwa magumu na yanapoteza rangi. Usitumie kijiko cha chuma cha kawaida, kinatia ladha ya chuma, wenyewe wanatumia kijiko cha ganda la chaza, au unaweka kidogo mgongoni mwa mkono unalamba. Halafu kabla hajapanda gari akanambia kwa sauti ya chini kama siri ya serikali, kwamba ghali kuliko zote ni ile inayokaribia weupe, inatoka kwa beluga aliyezaliwa zeruzeru. Hii yangu nyeusi. Nikamwambia hata nyeusi inatosha mzee wangu, sina neno.

Sasa nifanye nayo nini? Kwenye simu nilikuwa nishaona kwamba mwaka 2024 kule New York, kwenye mashindano ya tenisi ya US Open, watu waliuziwa nageti za kuku vipande sita vimewekwa kaviari juu, dola 100. Dola mia! Laki mbili na nusu za kwetu, kwa vipande sita vya kuku ambavyo mtoto anavimaliza anatazama katuni. Nikasema hewala, hii ndo dawa yake. Nitamkaribisha mtoto wa ami na mkewe Ijumaa jioni, nitakaanga nageti zangu mwenyewe na chipsi, nitazipamba kwa kaviari, nitamwekea mbele halafu nitanyamaza. Nilishaipanga mpaka ile nyamaza yenyewe, nitaangalia dirishani.

Nilijiandaa wallahi. Nilikwenda mpaka Bweleo kule Fumba kwa kina mama wanaosugua makombe ya chaza wakatengeneza hereni na mikufu, nikapata ganda moja linang'aa kama mwezi, hilo ndo kijiko. Kikebe nikakitia ndani ya bakuli la barafu, chini kabisa ya friji, nikabandika karatasi, USIGUSE, kwa herufi kubwa.

Bibi akaniona. "Umenunua dawa ya viatu ukaitia frijini?"

Nikamweleza kwamba ni mayai ya samaki, samaki mwenyewe anakaa miaka kumi na tano hajataga.

"Miaka kumi na tano? Huyo si samaki, huyo mwari."

Akarudi kwenye tambuu yake. Hapa lazima nikwambieni kitu kuhusu tambuu ya bibi kwa sababu itakuja kutuhusu. Bibi ana sinia yake dogo, tambuu, popoo, katu, tumbaku, kila kitu na mahali pake, isipokuwa kijaluba chake cha chokaa kilikuwa kimeshakula kutu, miezi analalamika, nikimletea kikopo cha plastiki anakikataa anasema hichi cha dawa za wagonjwa.

Ijumaa ikafika. Nikaenda kusali, nikitoka nikapita Darajani kuchukua kuku wa kusaga na slesi za kutengenezea chenga, nikakutana na watu, maneno mawili matatu, kurudi nyumbani saa tisa na nusu. Nimefika ghorofa ya pili nikasikia harufu. Harufu nzuri, sitosema uongo. Thomu, ndimu, tui linachemka. Ghorofa ya tatu nikasikia jirani anasema "umeme tangu saa saba" na miguu yangu ikaanza kupanda peke yake, mfuko wa kuku unanipiga magotini.

Kumuelewa bibi inabidi uwe ulikuwepo Unguja ule mwaka. Disemba 2009 umeme unaotoka bara kwa chini ya bahari ulikatika na kisiwa kizima kikakaa gizani mpaka Machi 2010, miezi 3, watu wanachota maji kwa visima, biashara zinakufa, na bibi alikuwa na friji imejaa nyama ya harusi ya shangazi. Ile nyama yote ilioza. Tangu siku ile taa ikizimika dakika kumi tu, bibi anafungua friji, anatoa kila chenye uhai au kilichowahi kuwa na uhai, na anakipika. Umeme ukirudi robo saa baadae unakuta nyumba ina mboga sita.

Nikamkuta verandani mbele ya seredani, anapepea.

"Bibi, kile kikebe?"

"Vile vimayai vyako? Vilikuwa vishaharibika baba. Vyeusi tititi. Nimevitia kwenye chujio la chai nikavisuuza maji mara tatu, chumvi hiyo ungepata presha, nikavikaanga na thomu na kitunguu maji, vikawa vidogo hivi, haya nikatia tui."

Nikamuonesha karatasi. USIGUSE. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mie nimesomea chuoni. Ungeniandikia kwa khati za Kiarabu ningejua."

Utamjibu nini? Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu. Ndani ya sufuria kulikuwa na kijichuzi cha rangi ya majivu na vidonge vigumu vinaelea kama mchanga uliotota. Mwari wa Bahari ya Kaspi, kasafiri mpaka Ufaransa, kapanda ndege mpaka Unguja, kaja kufia kwenye tui la nazi Michenzani.

Na wageni wanakuja saa moja.

Nageti nikazikaanga kwa seredani hilohilo, upande mmoja zikawa za dhahabu upande wa pili za mkaa, nikazipanga na ule wa mkaa chini. Chipsi zikalala. Umeme haujarudi. Nikawasha mishumaa miwili, nikasema labda wataona ni mapambo. Juu ya kila nageti nikaweka kidogo kile kichuzi cha bibi kwa kile kijiko changu cha chaza, kwa heshima zote.

Mtoto wa ami akaingia anahema ngazi, kanzu ya Maskati, udi mpaka nyumba ya tatu. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, habari za huko, nzuri, mbona giza, huko kwetu umeme haukatiki. Dakika ya kwanza hiyo! Mkewe, mtu mpole sana maskini, akakaa pembeni kwa bibi.

Nikaleta sahani. Nikasema "karibuni, nageti za kaviari" na nikaangalia dirishani kama nilivyopanga, ingawa nje hakukuwa na cha kuona.

Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena.

"Hii siyo kaviari."

Na kilichoniuma, katika maisha yake yote hii ndo mara ya kwanza alikuwa anasema kweli, halafu wakati huohuo si kweli, kwa sababu ilikuwa kaviari! Kaviari hasa! Lakini utamthibitishia mtu vipi kaviari iliyotiwa thomu? Nikaapa. Akacheka. Akasema wamekuuzia mayai ya vibua ndugu yangu, mie Maskati naijua kaviari, nishaila mara nyingi, hebu kama kweli nionyeshe kikebe chake.

Nikageuka kumuuliza bibi kikebe kiko wapi, na bibi akawa anatafuna hawezi kujibu, akaonesha kwa kidole. Kilikuwa kwenye sinia la tambuu. Kimeoshwa kinang'aa, kifuniko juu, maandishi ya kigeni yanasomeka kwa mshumaa.

Mtoto wa ami akakivuta, akasogeza simu akasoma yale maandishi, uso ukabadilika. Akafungua.

Ndani weupe, laini, umejaa mpaka juu.

"Aaaah!" akasema. "Kumbe! Unatupa sie ya kupika, ile nyeupe umeificha! Hii nyeupe unajua bei yake wewe? Hii ndo ghali kuliko zote duniani." Akamgeukia mkewe. "Ngoja nikuonesheni inavyoliwa, hailiwi na nageti, wenyewe wanaweka hapa." Akachukua kijiko changu cha chaza, akachota donge zima la chokaa, akaliweka mgongoni mwa mkono.

Hapa nitasema ukweli maana nishaomba radhi na nishasamehewa. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Kama nusu sekunde hivi. Mdomo nilishaufungua, neno "chokaa" lilishafika kwenye meno, halafu nikakumbuka zile pizza tatu.

Akalamba.

Sekunde ya kwanza alifumba macho kama mtu anayeonja kitu cha thamani. Ya pili akayafumbua. Ya tatu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binaadamu, kama mbuzi aliyekanyagwa na baiskeli, akaruka, mshumaa mmoja ukaenda, ulimi nje, mikono inapepea ulimi, anasema "ndadi! ndadi!" na hakuna anayejua ndadi ni kitu gani. Nikampa maji, asukutue ateme. Mara ya kwanza, mara ya tano. Bibi ndo aliyeelewa, akaingia ndani akaja na maziwa mtindi kwenye bakuli akamshika kichwa kama mtoto mchanga, "tia ulimi humu, tia, tulia."

Na hapo ndo umeme ukarudi.

Mnajua Michenzani umeme ukirudi. Magorofa yote kwa pamoja, watoto kwa watu wazima, "Eeeeeeeeh!" na makofi. Sisi ndani taa imewaka pwaa, mtoto wa ami yuko katikati ya chumba, kanzu ya Maskati ina tui kifuani, ulimi mweupe ndani ya bakuli la mtindi, na nje mtaa mzima unashangilia. Mkewe alijificha uso kwa mtandio. Mabega yalikuwa yanamcheza. Sikutaka kuangalia kule maana na mie ningekwisha.

Bibi akaokota kikebe, akachungulia ndani, akasikitika kwa kweli.

"Mjukuu wangu, ungeniomba tambuu ningekukunjia. Sasa umenilia chokaa tupu."

Siku mbili alizungumza kama kitoto kinachoota meno. Zile nageti zilizobaki alizimaliza mkewe, na akaomba akaongezewe kile kichuzi, akasema ni kitamu ila kina mchanga kidogo. Kikebe mpaka leo kiko kwenye sinia, bibi anakipenda kuliko chochote nilichowahi kumletea.

Juzi mtoto wa ami kanipigia simu, salamu, habari za bibi, habari za kazi. Nikamuuliza ulimi vipi. Akanambia ulimi mzima, haukuwa na kitu, chokaa yenyewe ya kwenu haina nguvu, huko kwetu Maskati chokaa ni kali zaidi.