Jino Mbele, Saa Nyuma

Nilipokuwa mwanafunzi hapa Ås, Norwei, nilifanya vibarua kwenye nyumba ya wazee. Alikuwapo bibi mmoja mwenye kifaa cha kusikia kwenye sikio la kulia tu, na hicho kimoja nacho betri yake ilikuwa na mambo yake. Siku moja mchana nikaingia chumbani kumkumbusha kwamba ana miadi ya daktari wa meno. Neno nilikuwa nalo, nimelifanyia mazoezi njiani tangu kwenye treni: tannlegetime. Nikalitamka kwa sauti na kwa adabu, kama mtoto wa Morogoro anavyotamka neno lolote refu: tannlegeTIme. Bibi akainua macho kwenye saa ya ukutani, akanijibu kwa upole, "Saa nane na robo."

Nikarudia kwa nguvu zaidi. Naye akarudia kwa nguvu zaidi. Mwenzangu wa zamu akapita mlangoni, akalisema neno lilelile mara moja, wala hakupaza sauti, na bibi akaanza kutafuta koti.

Tann ni jino, lege ni daktari, time ni saa au kipindi. Ukiviunganisha unapata miadi ya daktari wa meno, neno moja lisilo na nafasi katikati. Mimi nilibonyeza TI kwa sababu ndiyo silabi ya pili kutoka mwisho, na mtu aliyekulia ndani ya Kiswahili hafikirii mahali pa kubonyeza, mdomo unaenda wenyewe. Kwa Mnorwei mkazo ule unakaa juu ya jino: TANNlegetime. Yanayofuata yanapewa uzito mdogo, na mengine yanamezwa kabisa. Mzee mwenye masikio hafifu haokoti neno zima, anaokota pale penye uzito. Mimi nilimpa saa, naye akanipa saa.

Sasa nina miaka kumi na moja huku, na nikiulizwa ni kitu gani kigumu katika Kinorwei siwezi kutaja sarufi. Vitenzi vyao havibadiliki kwa nafsi: mimi, wewe, wao, kitenzi ni kilekile. Mtu aliyezoea ngeli za Kiswahili hawezi kuogopeshwa na jinsia tatu za nomino. Kigumu ni haya maneno marefu, na si urefu wake. Urefu tunaujua. Hatukuwaandikishia ni neno moja lenye silabi tisa na hakuna anayelionea ajabu. Tofauti ni kwamba refu letu limejengwa kwa viambishi na mkazo wake una anwani moja ya kudumu, wakati refu lao limejengwa kwa maneno mazima yaliyogandana, na usipojua kiungo kiko wapi hujui pa kukanyaga.

Chukua Jernbanetorget, kituo kilicho mbele ya stesheni kuu ya Oslo. Jern ni chuma, bane ni njia, torg ni uwanja wa soko, na -et ya mwisho ni ya kuonyesha kwamba ni ule uwanja unaojulikana, nayo t yake haitamkwi. Wiki yangu ya kwanza nilimwuliza kijana mmoja "Yerinibanetorigeti" iko wapi, nikiwa nimesimama hapohapo uwanjani. Aliomba radhi kwamba yeye si mwenyeji.

Angalia nilichofanya. Silabi ya Kiswahili inapenda kuishia na vokali: ka-ri-bu, m-to-to, ma-fu-ta. Neno la kigeni likiingia na konsonanti zimebanana, tunaweka vokali katikati, ndivyo blanketi lilivyo bulangeti kwa bibi zetu. Silabi ya Kinorwei haina shida kufungwa mbele na nyuma. Wana angstskrik, ukelele wa hofu kuu, ambamo kati ya a na i zimepangana herufi saba: n, g, s, t, s, k, r. Ukimpa Mswahili afungue fundo hilo atakuletea angisitisikiriki, silabi nane mahali pa mbili. Kila vokali unayoongeza inasogeza "ya pili kutoka mwisho" mahali pengine, na mkazo unahama nayo. Kwa hiyo hatukosei mara moja. Tunaongeza silabi, kisha tunaubebesha uzito ule uongo wetu.

Kozi nilizopitia, na zile za rafiki zangu, ziligusa jambo hili kwa kurasa chache, halafu mwalimu akarudi kwenye en, ei na et. Hapo ndipo ninapolalamika. Ukikosea jinsia ya nomino hakuna Mnorwei atakayeshindwa kukuelewa. Atasikia tu kwamba wewe ni mgeni, jambo ambalo alishaliona tangu ulipoingia. Ukikosea mkazo, haelewi. Ataomba radhi, atageukia Kiingereza, nawe utarudi nyumbani ukidhani tatizo ni msamiati. Tangu 2022 anayetaka uraia anatakiwa afikie ngazi ya kati, iitwayo B1, katika kuzungumza, na nawajua watu waliofika hapo huku wakilala macho wakikariri orodha za maneno ambayo tayari wanayajua kwa macho. Ningekuwa mimi ndiye mpanga masomo, wiki mbili za kwanza watu wasingefungua kitabu. Wangepiga makofi tu: kofi moja zito, mengine mepesi.

Kanuni niliyojitengenezea ilinijia jikoni, nikiwa na støvsuger mkononi. Støv ni vumbi, suger ni kinachonyonya. Kamusi zetu zinaiita kifyonzavumbi. Vipande ni vilevile, vimegeuzwa tu. Sisi tunataja kitu kwanza kisha tunakieleza. Wao wanaeleza kwanza, kitu chenyewe kinakuja mkiani. Lakini sikiliza mkazo: kifyonzaVUmbi, STØVsuger. Pote pawili uzito uko kwenye vumbi! KipimaJOto, tunabonyeza joto. Miadi ya daktari wa MEno, tunatua kwenye meno. Kumbe masikio yetu yanapenda kitu kilekile, yaani kile kinachotofautisha, isipokuwa kwetu kinakaa mwisho na kwao kinakaa mwanzo. Tangu siku hiyo, nikikutana na neno la herufi ishirini kwenye barua ya serikali, nalitafsiri haraka kichwani na kutafuta kile ambacho kwa Kiswahili kingekuja baada ya "ya" ya mwisho. Hicho ndicho ninachokikanyaga. Barnehage, bustani ya watoto: BARN. Sykehus, nyumba ya wagonjwa: SYK. Skattekort, kadi ya kodi: SKATT. Haifaulu kila mara, lakini imenifikisha mbali kuliko kozi.

Angalizo moja: si kila mara silabi ya kwanza. Ni kipande cha kwanza, na kipande hicho kinakuja na mkazo wake kutoka nyumbani kwao. Student hubonyezwa mwisho, kwa hiyo chumba cha mwanafunzi ni stuDENThybel. Universitet vilevile, kwa hiyo universiTETS- ndiyo nzito hata kama nyuma yake kuna msafara. Kuna neno ambalo Wanorwei hupenda kumtajia mgeni, minoritetsladningsbærerdiffusjonskoeffisientmålingsapparatur, herufi 60, kifaa cha mambo ya fizikia. Sijamsikia mtu akilihitaji kwa kazi. Ila sasa najua limebonyezwa wapi: minoriTETS-, na baada ya hapo unateremka tu kama baiskeli kutoka Bigwa, kwetu Morogoro.

Angalia pia ile s baada ya minoritet. Ni gundi. Oppholdstillatelse, kibali cha kukaa, neno ambalo mhamiaji hulijua kabla ya kujua mkate unaitwaje, limegandishwa kwa s hiyohiyo: opphold, s, tillatelse. Gundi nyingine ni e, kama ile ya barnehage. Ukishaijua gundi unaona mshono, na ukiona mshono neno linapasuka lenyewe. Wakati mwingine mshono umefichwa. Buss na stopp zikiungana zingekuwa na s tatu, nao hawakubali konsonanti moja mara tatu mfululizo, kwa hiyo huandika busstopp. Lakini neno likifika mwisho wa mstari na kukatwa, ile s iliyofichwa inatoka: buss-stopp. Natt na tog, treni ya usiku, hivyohivyo: nattog, na likikatwa, natt-tog. Napenda sana kanuni hii. Ni kama ndugu aliyejibana kwenye picha ya familia kwa sababu kiti hakitoshi.

Jambo lingine ambalo sikio la Mswahili linadanganywa nalo ni sauti yenyewe. Kwetu silabi yenye mkazo hurefuka na mara nyingi hupanda. Oslo na maeneo haya ya mashariki, silabi nzito huanzia chini, na sauti hupanda kuelekea mwisho wa kifungu. Miezi ya mwanzo nilidhani kila mtu ananiuliza swali. Nilidhani pia mkazo uko mwishoni, kwa kuwa ndipo sauti ilipokuwa juu, nami nikaiga kwa bidii nilichokisikia, nikazidi kupotea. Nilipokwenda Bergen nikakuta silabi nzito iko juu, na ndugu zetu waliojifunzia huko wakawa wananicheka.

Halafu kuna toni, ambazo huweza kutenganisha maneno mawili yanayotamkwa sawa kwa kila kitu kingine. Bønder ni wakulima, d haisikiki. Bønner ni maharage. Nilikuja kusomea kilimo, kama wengi waliotoka Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa sababu uhusiano wa Morogoro na chuo cha Ås ni wa tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo unaweza kukisia mara ngapi nilisimama mbele ya watu nikawaeleza mahitaji ya mbolea ya wakulima. Bønner tena ni sala, lakini hapo angalau niliheshimika.

Mwalimu wangu wa Kinorwei alikuwa mama aliyezaliwa Bosnia. Ndiye aliyenifungua macho kuliko wote, kwa sentensi moja kuhusu yeye mwenyewe. NORSKlærer, kwa mkazo mmoja mwanzoni, ni mwalimu wa Kinorwei. Norsk LÆrer, maneno mawili, ni mwalimu ambaye ni Mnorwei. "Mimi ni la kwanza," alisema, "na watu wanatarajia la pili." Nafasi moja kwenye karatasi, pigo moja mdomoni, na mtu amebadilishwa uraia.

Ndiyo maana Wanorwei wengine hukasirika wakiona maneno yametenganishwa kwenye mabango. Lammelår ni paja la kondoo mchanga. Lamme lår ni mapaja yaliyopooza. Røykfritt ni pasipo moshi wa sigara. Røyk fritt ni ruhusa ya kuvuta utakavyo. Wanakilaumu Kiingereza, wanailaumu na simu inayosahihisha vibaya. Nikisoma malalamiko yao nacheka peke yangu, kwa sababu kwetu ugonjwa ni kinyume: watu wanabandika kisichobandikwa. Kwasababu, kwamfano, kwahiyo. Nimepokea barua ya ukoo yenye "kwaniaba". Ila ugonjwa wetu haumpoozi kondoo. Utalisoma hivyohivyo na maana itakuja, kwa sababu mkazo wa Kiswahili, ukiacha barabára ya kupita magari na barábara ya kukubaliana, na maneno machache kama lázima, haubadilishi kitu. Unakuonyesha tu kwamba neno linakaribia kwisha.

Hapo nakiri kwamba nyumbani tuna ukarimu ambao huku haupo, na si ukarimu wa roho, ni wa lugha. Mgeni akishuka stendi ya Msamvu, Morogoro, akasema "HAbari", "KAribu", "CHAkula", hakuna atakayetazama saa. Atajibiwa, atapewa na kiti. Mnorwei si mkali kuliko sisi, tena kwenye nyumba ile ya wazee nilipendwa sana. Lugha yake tu imeweka mzigo mkubwa mahali padogo, na usipoufikisha hapo hana njia nyingine ya kuupata.

Mwanangu, aliyezaliwa huku, hana shida hiyo. Shida yake ni ya kutoka upande wa pili. Kiswahili anakielewa, lakini anakitamka kwa kukikanyaga kichwani: NYUmbani, SHIkamoo, MOrogoro. Juzi mama yangu alipiga simu ya video akamwuliza leo amefanya nini. Akajibu kwamba amemsaidia baba kusafisha kwa KIfyonzavumbi. Mama akanyamaza kidogo.

"Amesema nini huyo?"

Nikataka kumtafsiria. Akanikatiza: "Wewe usimsemee, baba. Mwache mjukuu wangu aseme tena polepole, bando ninalo."